Siku 206 za Basi Namba 14

Tarehe 14 Agosti 2006, bodi ya wilaya ya shule ya Calder Bayou, mashariki mwa Texas, ilipitisha kanuni ya kurasa mbili kwa kura saba kwa sifuri. Kumbukumbu za kikao zinaiita Kanuni ya Siku Inayohesabiwa na zinamtaja aliyeiandika: Ernestine Guillory, mwalimu wa hesabu aliyekuwa na wiki tatu tu katika kazi mpya ya kusimamia nidhamu ya wanafunzi na shule mbadala ya wilaya.

Alikaa katika kazi hiyo miaka kumi na minane. Muda wote huo alijivunia vitu viwili: gari lake la mizigo la mwaka 1994, ambalo halijawahi kuguswa na fundi mwingine zaidi ya yeye na kaka yake, na kanuni ile. Gari bado linatembea.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Mwanafunzi akitolewa shuleni kwake kwa kupigana, kwa bangi, kwa sigara ya umeme au kwa kumtukana mwalimu, anapelekwa Kituo cha Fursa kwa idadi ya siku iliyoandikwa. Kila asubuhi anapewa karatasi ya waridi yenye visanduku tisa. Cha kwanza ni saa ya kupita langoni, na mwisho wake ni saa mbili na robo. Vinane vilivyobaki ni vya vipindi vya masomo, na kila mwalimu hutia saini chake. Vyote tisa vikijaa, siku imehesabiwa. Kimoja kikikosekana, mtoto amekaa darasani kutwa, amekula chakula cha mchana kimya akitazama ukuta, amefuata mstari wa njano sakafuni kama wenzake, lakini siku haipo. Kesho anaanzia alipokuwa jana. Na mpaka siku zitimie haruhusiwi kukanyaga ardhi nyingine yoyote ya wilaya, uwanja wa mpira ukiwemo, ambako kila mwisho wa Mei wahitimu huvaa majoho na kuitwa mmoja mmoja. Akikanyaga, polisi wa wilaya humkamata.

Wageni wakiisikia kanuni hiyo huikunjia uso. Guillory alikuwa na jibu lao. Kituo cha Fursa, ambacho watoto hukiita Ghalani, ni jengo la matofali la ghorofa moja nyuma ya kiwanda cha mbao kilichofungwa. Mpaka mwaka 1970 lilikuwa shule ya msingi ya watoto weusi, na Guillory mwenyewe alijifunzia kusoma humo. Wilaya ilipozichanganya shule za weusi na weupe, jengo likabaki tupu, kisha likageuzwa mahali pa kupeleka wasiotakiwa kwingine. Kaka yake, Alcide, alipelekwa humo mwaka 1979 kwa kosa la kumjibu kocha. Hakuandikiwa siku. Alikaa mpaka mkuu wa shule aliyempeleka amkumbuke, na mkuu hakumkumbuka. Akiwa na miaka kumi na saba Alcide aliacha shule, akaenda kufanya kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini.

"Hata mfungwa anajua anatoka lini," Guillory alikuwa akiwaambia walimu wapya kila Agosti. "Namba ni haki. Mpe mtoto namba, halafu usiichezee."

Kipengele cha lango aliongeza mwenyewe, kwa sababu mwaka ule kulikuwa na vijana waliokuwa wakishuka kwenye basi na kwenda kukaa kituo cha mafuta cha jirani wakila soseji hadi saa tatu. Basi la Ghalani siku hizo lilikuwa na njia yake peke yake. Lilifika saa mbili kasoro dakika kumi. Aliyechelewa alikuwa ametaka kuchelewa.

*

Jumatatu, tarehe 20 Mei mwaka huu, saa tatu asubuhi, Bi Velma Arceneaux aliingia katika ofisi ya Guillory bila kubisha hodi. Ana miaka sabini na tisa. Alipika katika majiko ya shule za wilaya hiyo kwa miaka thelathini na sita, mwanzo katika jengo lile lile la matofali. Mkononi alikuwa na kalenda ya ukutani ya bure, ile inayogawiwa kila Desemba na nyumba ya mazishi ya Prudhomme na Wanawe, yenye picha ya kanisa juu na namba ya simu ya kuagizia jeneza chini.

"Karibu, Bi Velma. Kaa."

"Sikai. Nikikaa nitapoa, na sitaki kupoa." Aliibwaga kalenda mezani. "Jolisa wangu mlimpa siku ngapi?"

Guillory hakuhitaji kufungua jalada. Jolisa Arceneaux, miaka kumi na minane, mwaka wa mwisho wa sekondari, mjukuu wa dada yake Bi Velma na aliyelelewa naye tangu akiwa na miaka minne. Alikamatwa na sigara ya umeme kwenye mfuko wa koti mwezi Aprili. Guillory ndiye aliyesikiliza shauri lake. Alilikumbuka kwa sababu msichana alipoulizwa kifaa kile ni cha nani, alisema, "Changu," akanyamaza. Katika miaka kumi na minane waliojibu hivyo wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

"Siku thelathini," Guillory alisema. "Alianza tarehe nane Aprili."

"Na mpaka Ijumaa iliyopita shule imefunguliwa siku ngapi?"

"Thelathini."

"Ametimiza ngapi?"

Guillory alitazama kompyuta. "Ishirini na moja."

"Ishirini na moja. Tisa zimekwenda wapi? Moja najua, alimjibu ovyo mwalimu wa sayansi, nikamnyima simu wiki nzima. Hiyo ni halali yake. Nane je?"

"Alichelewa langoni, Bi Velma."

"Alichelewa." Bi Velma aligeuka kana kwamba kulikuwa na mtu wa tatu chumbani wa kumshirikisha. "Anasema alichelewa. Ernestine, mimi nilikupakulia maharage ukiwa huna meno ya mbele, kwa hiyo nitasema na wewe taratibu. Soma."

Kila mraba wa kalenda ulikuwa na maandishi madogo ya penseli. Bi Velma ana shinikizo la damu, na daktari amemwambia ajipime kila asubuhi. Hujipimia dirishani jikoni, mahali anapoliona basi, na amezoea kuandika vyote viwili. Kipimo juu, saa ya basi chini. Basi lilitakiwa kumchukua Jolisa saa moja na nusu. Katika miraba minane kati ya tarehe 8 Aprili na tarehe 17 Mei, saa iliyoandikwa ilikuwa saa mbili kamili au zaidi. Kutoka pale kwa Bi Velma hadi lango la Ghalani ni dakika ishirini na tano kwa basi.

Guillory alifungua rekodi ya lango na kulinganisha tarehe moja moja. Zilikuwa zile zile nane.

"Mtoto amesimama barabarani tangu saa moja na nusu," Bi Velma alisema. "Nimemwona kwa macho yangu, shati jeupe limechomekwa kama mnavyotaka. Basi ni lenu. Dereva ni wenu. Saa ni yenu. Kwa hesabu yangu anamaliza leo. Kwa hesabu yako Ijumaa, jina lake likiitwa, atakuwa nje ya uzio kama mbwa. Joho limeshapigwa pasi, Ernestine. Liko mlangoni kwangu limening'inia kama mtu."

Walio karibu na Guillory wanajua kwamba hapandishi sauti. Ana bilauri kubwa ya plastiki yenye vipande vya barafu, na akikasirika huvitafuna. Katibu wake, aliyekuwa chumba cha pili, anasema asubuhi ile alisikia barafu ikivunjika mfululizo, akajua afunge mlango wa nje.

*

Kwanza alikwenda langoni. Lango la Ghalani linashikwa na Doyle Rambin, askari magereza mstaafu mwenye tumbo kubwa na adabu nyingi, ambaye hupiga mhuri wa saa kwenye kila karatasi ya waridi.

"Bwana Rambin, basi namba kumi na nne limechelewa mara ngapi tangu Januari?"

"Mara nyingi, mama. Wiki nyingine mara tatu."

"Uliona?"

"Nimekaa hapa, mama. Nitaachaje kuona?"

"Watoto wakishuka kwenye basi letu lililochelewa, uliwapigia mhuri wa kuchelewa?"

"Saa ilikuwa imepita."

"Na hukuniambia."

Rambin alivua kofia, akaitazama ndani. "Karatasi haiulizi wamefikaje, mama. Inauliza saa ngapi."

Hakuwa anajitetea. Alikuwa anasema kweli, na Guillory alijua ni kweli, kwa kuwa ile karatasi aliichora yeye. Toleo la kwanza lilikuwa na safu ya kumi iliyoandikwa "Sababu". Mwaka 2011 karatasi zilipoingizwa kwenye kompyuta, mtaalamu alisema safu ya maneno inasumbua mfumo. Guillory aliidhinisha iondolewe.

Kutoka langoni alikwenda idara ya usafiri. Mabasi ya wilaya yana vifaa vinavyoonyesha yalipo kila dakika, na rekodi hiyo haijawahi kuombwa na mtu yeyote isipokuwa basi likigongwa. Alikaa nayo Jumatatu yote na Jumanne yote. Alichokipata kimo katika barua aliyoiandika baadaye, na idara ya usafiri haijakikanusha. Mwezi Januari madereva sita walikuwa wameacha kazi kwenda kuendesha malori ya kiwanda kipya cha gesi. Wilaya ikaunganisha njia mbili za basi. Basi namba 14 sasa lilianza kwa kuwashusha watoto wa shule ya msingi ya Heron Point, kule kwenye nyumba mpya za ziwani, ndipo likazunguka mjini kuokota watoto wa Ghalani. Kati ya Januari na Mei, wanafunzi arobaini na mmoja walinyimwa siku kwa kufika langoni na basi hilo baada ya saa mbili na robo. Jumla, siku mia mbili na sita.

Mvulana mmoja wa darasa la nane alikuwa amepewa siku ishirini. Alikaa arobaini na tatu.

Barua ya kuunganisha njia ilitoka kwa Kirby Stallworth, msaidizi wa msimamizi mkuu wa wilaya, ambaye usafiri uko chini yake. Ilikuwa na sentensi moja kuhusu Ghalani: basi litafika Kituo cha Fursa "kati ya saa mbili na dakika tano na saa mbili na nusu, kulingana na hali." Nakala ilipelekwa kwa wakuu wote wa idara, na majibu yao yalikuwa yamehifadhiwa chini yake. Guillory aliteremka mpaka jina lake. Tarehe 9 Januari, saa nane na dakika kumi na mbili mchana, alikuwa amejibu: "Nimepokea. Asante."

Mtumishi wa idara ya usafiri aliyekuwa amekaa naye anasema mama yule aliitazama skrini kwa muda mrefu, kisha akauliza kama wana barafu.

*

Stallworth alifundisha mpira wa Marekani kwa miaka ishirini na mbili kabla ya kupanda ofisini, na mji mzima bado unamwita Kocha. Ukutani kwake kuna samaki mkubwa aliyekaushwa na picha za timu za mwaka 1998 na 2003. Jumatano asubuhi alimpokea Guillory kwa tabasamu na kahawa.

"Dada Ernestine! Umekuja kunipiga kwa sababu gani leo?"

Guillory aliweka mezani kalenda, rekodi ya lango na rekodi ya basi. Kocha alizipitia haraka haraka, jinsi mtu anavyopitia orodha ya vyakula akiwa ameshajua anachotaka.

"Sawa. Nimeona. Ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya ni tairi kupasuka. Hii ni ratiba. Uliiandika."

"Na wewe ukashukuru." Alisema kwa upole. "Nina nakala."

"Najua. Nami nawajibika kwa hilo. Nataka siku zote mia mbili na sita zirudishwe leo."

"Kanuni inasema nani anaweza kubadilisha siku?"

Guillory alianza kuzipanga upya rekodi mezani.

"Sema, uliiandika mwenyewe."

"Bodi."

"Bodi. Nayo inakutana tarehe kumi Juni. Lete hoja, nitaiunga mkono, Mungu shahidi. Lakini nikifungua mlango Jumatano hii, Alhamisi nina wazazi arobaini na mawakili wao kwenye ngazi, na wiki ijayo jimbo linauliza kwa nini takwimu zetu za nidhamu zimebadilika mwisho wa mwaka. Kwa binti mmoja?"

"Arobaini na mmoja."

"Anayehitimu Ijumaa ni mmoja, aliyekuja bibi yake kulia. Basi tumsaidie huyo." Alivuta droo, akatoa karatasi. "Fomu ya huruma. Nayo ni yako. Mwanafunzi anaandika barua ya kuomba radhi kwa kila siku aliyopoteza, anaahidi kutorudia, wewe unapunguza adhabu kwa mamlaka yako. Barua nane fupi fupi. Leo jioni yamekwisha, Ijumaa anavaa joho lake, bibi anapiga picha. Nani ameumia?"

"Aombe radhi kwa kuchelewa kwa basi lako."

"Aandike anachotaka! Aseme anasikitika. Si kweli anasikitika?"

Guillory aliichukua fomu. Kwa mamlaka aliyokuwa nayo, ndiyo ilikuwa njia pekee ya halali ya kumfikisha msichana uwanjani. Aliikunja mara mbili na kutoka bila kuigusa kahawa.

*

Jolisa Arceneaux aliitwa kutoka kipindi cha sita. Alikuja akifuata mstari wa njano, mikono nyuma, viatu bila kamba, akaketi. Bi Velma alikuwa ameshafika. Guillory aliwaeleza yote, pamoja na jibu lake mwenyewe la tarehe 9 Januari, kisha akaisogeza fomu mbele.

Msichana alisoma pande zote mbili.

"Kwa hiyo nikiandika kwamba nilichelewa, mtasema sikuchelewa."

"Ukiandika kwamba unasikitika, nitapunguza siku."

"Sigara niliandikia barua mwezi wa nne. Mnayo. Kurasa mbili, na nilimaanisha. Ile ilikuwa yangu." Aliirudisha fomu. "Basi si langu, Bi Guillory. Sijui hata kuendesha."

"Jolisa," Bi Velma alisema.

"Bibi, niombe radhi kwa sababu dereva wao alikwenda kwanza kuwashusha watoto wa ziwani? Nimesimama kwenye mvua, wewe umeniona."

"Nimekuona. Andika tu, mwanangu. Karatasi ni karatasi. Mimi nimewaambia 'ndiyo, bwana' watu wajinga kuliko hao miaka thelathini na sita, na ulikula kwa hiyo 'ndiyo, bwana'."

"Najua nilikula."

"Basi andika! Mama yako hakuvaa joho. Mimi sikuvaa. Nimelipiga pasi mara tatu."

Msichana alianza kulia, na hilo lilimwudhi, akajifuta kwa mkono wa shati ambalo halikuruhusiwa kuchafuka. "Nikiandika, itakaa kwenye jalada kwamba mara nane nilichelewa kwa uzembe wangu. Na hao wengine? Terrence mdogo ana siku arobaini na tatu, yuko darasa la nane, hajui hata kwamba ameibiwa. Ataandika barua ishirini na tatu?"

Kisha akamgeukia Guillory, na sauti yake ilikuwa imetulia.

"Wewe umeomba radhi kwa nani?"

Bi Velma alisema, "We mtoto!" lakini hakulisema kwa nguvu.

Guillory aliichukua fomu, akaichana vipande vinne na kuvitia kapuni. "Rudi darasani," alisema. "Usije ukakosa na saini ya kipindi hiki."

*

Alhamisi aliandika barua arobaini na moja. Si za kunakili. Kila moja ina jina la mtoto, tarehe alizonyimwa na saa basi lilipofika kila tarehe. Aya ya pili ni moja katika zote: "Kosa hili lilikuwa la wilaya, na ndani ya wilaya lilikuwa langu. Nilipewa taarifa tarehe 9 Januari, nikashukuru bila kufikiri. Naomba radhi. Siku zako zimerudishwa." Alitia saini kwa kalamu ya wino, akapiga mhuri wa ofisi, na Bwana Rambin aliziwasilisha kwa mkono, mlango kwa mlango, kwa gari lake mwenyewe, baada ya saa za kazi. Hakuna aliyemwamuru. Mlango wa kwanza alioubisha ulikuwa wa Terrence.

Hakuwa na mamlaka ya kurudisha siku hizo, na alijua. Lakini kuna kazi ndogo iliyokuwa ya ofisi yake peke yake. Kila Ijumaa saa sita mchana hupeleka kwa polisi wa wilaya orodha ya wanafunzi wasioruhusiwa kukanyaga ardhi ya wilaya. Polisi hawana orodha nyingine. Mlinzi wa lango huangalia karatasi, jina likiwemo, anamzuia mtu, lisipokuwemo, anampisha.

Ijumaa ya tarehe 17 orodha ilikuwa na majina arobaini na manane. Ijumaa ya tarehe 24, baada ya kuondolewa waliomaliza wenyewe wiki ile na waliotimiza kwa siku zilizorudishwa, ilikuwa na majina kumi na tisa.

Saa kumi na mbili jioni uwanja ulikuwa umejaa. Lango la kusini alisimama Ofisa Leland Tumlinson, na Kocha Stallworth alikuwa hatua chache kutoka pale, akisalimiana na wazazi. Walioingia nyuma ya Bi Velma wanakumbuka yaliyofuata kwa namna moja.

Msichana wa joho la bluu alifika. Ofisa aliuliza jina, akapitisha kidole kwenye karatasi.

"Pita, binti. Hongera."

"Subiri," Kocha alisema. "Huyo hajamaliza Kituo cha Fursa."

"Hayumo kwenye orodha, Kocha."

"Nakwambia mimi."

"Nakusikia, Kocha. Karatasi ninayo hii. Hayumo."

"Unajua mimi ni nani?"

"Ulinifundisha mpira, bwana. Ulikuwa unasema tufuate ulichochora ubaoni, si kelele za jukwaani."

Mtu nyuma akacheka. Bi Velma hakucheka. Alisogea mpaka kofia yake ya kanisani ikawa chini ya kidevu cha Kocha. "Kirby, sogea. Una mguu kwenye njia ya mtoto wangu." Kocha akasogea.

Jina lilikuwa limechapishwa kwenye kijitabu cha sherehe tangu Machi, kabla ya mambo yote hayo, na hakuna aliyekumbuka kulifuta. Liliitwa la tatu kutoka mwanzo. Jolisa Arceneaux alivuka jukwaa kwa hatua kumi na moja, akapokea cheti chake, akashuka upande wa pili. Guillory hakuwa uwanjani. Alikuwa ofisini kwake, akiiingiza tena safu ya "Sababu" kwenye karatasi ya waridi kwa rula na kalamu.

Jumatatu ilikuwa sikukuu. Jumanne, tarehe 28 Mei, saa mbili asubuhi, alipewa barua ya kusimamishwa kazi kwa kubadilisha rekodi za nidhamu bila idhini. Aliruhusiwa kuchukua vitu vyake. Alichukua bilauri. Alipoulizwa na mwakilishi wa wilaya kama ana la kusema kwa maandishi, aliandika kwamba ratiba ya basi namba 14 ya mwezi Agosti imeshatolewa, kwamba basi limepangwa kufika Kituo cha Fursa saa mbili na dakika ishirini, na kwamba lango bado linafungwa saa mbili na robo. Chini yake aliandika: "Someni hii. Mimi ile nyingine sikuisoma."

Stallworth ameliambia gazeti hili kwamba anamheshimu Bi Guillory na kwamba hawezi kuzungumzia suala la mtumishi. Kuhusu ratiba ya Agosti alisema inaangaliwa.

Bodi itakutana Jumatatu, tarehe 10 Juni, saa kumi na mbili jioni. Hoja ya saba ni kama siku mia mbili na sita zilizorudishwa zitatambuliwa au zitafutwa. Zikifutwa, watoto kumi na wanane watarudi Ghalani Agosti kumalizia adhabu walizokwisha kuzimaliza. Hoja ya nane ni ajira ya Ernestine Guillory. Msemaji wa kwanza aliyejiandikisha ni Velma Arceneaux. Atapewa dakika tatu, na atakuja na kalenda.